JEEVANJEE: MTU WA MJENGO ALIYETUACHIA KIVULI

Na mwanafunzi wa Kidato cha Tatu

Wahenga walinena kwamba kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Methali hii tumefundishwa tangu shule ya msingi, na wengi wetu tumeiandikia insha hadi ikatuchosha. Hata hivyo, ukitaka kuiona methali hiyo imesimama kwa miguu yake, nenda katikati ya jiji la Nairobi, pale kati ya Moi Avenue na Muindi Mbingu Street. Utakuta bustani yenye miti ya kivuli. Saa za mchana utaona watu wa kila aina humo: makarani waliotoka ofisini kupunga upepo, vijana wenye bahasha za vyeti wanaotafuta kazi, wahubiri wenye sauti za radi, na wazee wanaosinzia kidogo kabla ya kuendelea na safari zao. Bustani hiyo inaitwa Jeevanjee.

Lakini Jeevanjee alikuwa nani? Hebu uliza darasani uone. Mmoja atakuambia alikuwa na duka la vitambaa, na mwingine atasema ati alikuwa gavana wa wakoloni. Wote wawili wamepotea njia. Jamaa huyu alikuwa mwanakandarasi, yaani kwa lugha yetu ya mtaani, mtu wa mjengo. Kampuni yake ya ukoo ilikuwa miongoni mwa kampuni za kwanza kabisa kujenga Nairobi, wakati Nairobi yenyewe ilikuwa kinamasi chenye vyura na mbu. Katika makala haya nitasimulia maisha yake na ya kampuni hiyo, namna ilivyopanda na namna ilivyoshuka, ili tujue kivuli kile tunachokalia kilitoka wapi.

Alibhai Mulla Jeevanjee alizaliwa mnamo mwaka wa 1856 mjini Karachi. Siku hizo Karachi ilikuwa sehemu ya India iliyotawaliwa na Waingereza, na leo ni mji wa Pakistan. Jamaa yake ilikuwa ya Mabohora, Waislamu wanaojulikana sana kwa biashara, na ambao hata hapa kwetu Mombasa wamekaa miaka mingi. Hakubahatika kupata elimu kubwa ya darasani. Kalamu haikuwa silaha yake. Silaha yake ilikuwa hesabu ya kichwani, mdomo wa biashara, na miguu isiyochoka.

Kijana huyo hakukaa nyumbani kungoja embe chini ya mnazi. Mnamo mwaka wa 1886 alikuwa ameshafika Adelaide, kule Australia, akiuza bidhaa zilizotoka nchi za Mashariki. Fikiria, msomaji mpendwa, safari hiyo ilikuwa ya meli, wiki baada ya wiki, bila simu wala barua pepe ya kuwaambia wa nyumbani kwamba umefika salama. Atangaye na jua hujua. Huko alijifunza jambo ambalo lilimsaidia maisha yake yote, nalo ni kwamba palipo na mji mpya unaoanza, hapakosi kazi kwa mtu aliye tayari kuleta kile ambacho watu hawana.

Mnamo mwaka wa 1890 alihamia Mombasa. Wakati huo Kenya kama tunavyoijua haikuwapo. Kulikuwa na kampuni ya Waingereza iliyoitwa Imperial British East Africa Company, ambayo ilikuwa imepewa hati na Malkia wa Uingereza mwaka wa 1888 ili isimamie biashara na utawala katika sehemu hizi. Kampuni hiyo ilihitaji mafundi, vibarua, askari na vyakula. Jeevanjee alikuwa na watu kule Karachi, na meli zilikuwa zikienda na kurudi kwa upepo na kwa mvuke. Basi akafungua kampuni yake, A. M. Jeevanjee, yenye mguu mmoja Karachi na mwingine Mombasa. Ilikuwa kampuni ya ukoo hasa. Ndugu yake Tayabali alikuwa naye katika shughuli hizo, na jina la baba yao, Mulla Jeevanjee, ndilo lililobandikwa juu ya mlango.

Bahati kubwa ilikuja na reli. Mwaka wa 1895 serikali ya Uingereza ilichukua nchi kutoka kwa ile kampuni, ambayo ilikuwa imeishiwa na pesa, na ikaamua kujenga reli kutoka Mombasa hadi Ziwa Viktoria. Kazi ilianza mwaka wa 1896. Kujenga reli si mchezo. Unahitaji watu wa kukata vichaka, wa kuchimba na kujaza udongo, wa kupasua miamba, waashi, maseremala, wahunzi, na wapishi wa kuwapikia hao wote. Serikali ikamtafuta mtu wa kuwaleta, na Jeevanjee alikuwa pale pale mlangoni.

Kampuni yake ilipata kandarasi ya kuandika wafanyakazi kutoka India, hasa wa Punjab, na ya kuwalisha. Kila siku ilibidi unga wa ngano, mchele, dengu na samli vifike kule reli ilikofika, na reli ilikuwa haikai mahali pamoja; leo iko Voi, kesho Tsavo, kesho kutwa imeshapita Kibwezi. Mtu aliyekuwa akisafirisha chakula hicho ilibidi akimbizane na reli yenyewe. Baadaye kampuni hiyo ilipewa pia kazi ya kupasua mawe, kujaza tuta la udongo, na kujenga stesheni na nyumba za wafanyakazi.

Hapa inafaa tueleze kidogo namna kandarasi inavyofanya kazi, kwa sababu ndipo lilipo fumbo la utajiri wake, na vilevile la kuanguka kwake. Mwanakandarasi hulipwa baada ya kazi, au vipande vipande kazi inapoendelea. Lakini kibarua hawezi kungoja. Anataka kula leo, na mwenye mbao na saruji naye anataka chake. Kwa hivyo mwanakandarasi lazima awe na pesa za kutanguliza au awe na watu wanaomwamini kwa mkopo. Jeevanjee alikuwa na yote mawili. Isitoshe, alikuwa na ukoo na marafiki katika bandari za India, akawa pia na meli zake za mvuke. Kwa hivyo, pale mwingine alipolipa nauli ya mizigo, yeye alijilipa mwenyewe. Kwa kila kazi faida ilimjia kwa milango miwili au mitatu. Haba na haba hujaza kibaba, na kibaba chake kilijaa upesi.

Lakini tusisimulie upande mmoja tu, kwani sarafu ina pande mbili. Wahindi walioletwa kujenga reli walikuwa zaidi ya 31,000 katika miaka ile. Karibu 2,500 kati yao walikufa, kwa malaria, kuhara, ajali na magonjwa mengine, na baadhi, kama tunavyojua sote, waliliwa na simba wa Tsavo mwaka wa 1898. Maelfu wengine walirudi kwao wakiwa wagonjwa. Waafrika nao walifanya kazi kwenye reli hiyo na wengine walikufa, ingawa hesabu yao haikutunzwa vizuri kama ya wale walioletwa kwa mkataba. Kibarua wa kawaida alilipwa rupia 15 hivi kwa mwezi pamoja na chakula. Mtu wa mjengo alipata jumba, nao wengi wa waliobeba mawe hawakupata hata kaburi lenye jina. Nasema hivi bila kumchukia Jeevanjee. Nasema kwa sababu wengi wetu katika shule hii ya kutwa ni watoto wa watu wanaobeba mawe, na tunajua kwamba nyumba haijengwi na yule ambaye jina lake liko kwenye bango peke yake.

Mwishoni mwa mwezi wa Mei mwaka wa 1899 reli ilifika mahali ambapo Wamaasai walinyweshea mifugo yao maji baridi. Hapo wahandisi wakaona pazuri pa kuweka karakana na makao makuu, kabla treni hazijaanza kupanda milima ya Kikuyu. Hivyo ndivyo Nairobi ilivyozaliwa, mji wa mahema na mabati. Reli iliendelea hadi ikagusa ziwa mwishoni mwa mwaka wa 1901, mahali tunapopaita Kisumu leo.

Wanakandarasi wengi wa reli, kazi ilipokwisha, walifunga virago. Jeevanjee alikuwa ameng'amua jambo. Reli ikiisha, mji ndio unaanza. Serikali ilikuwa na maofisa wengi lakini haikuwa na nyumba wala ofisi, na pesa za kujenga zilikuwa chache. Basi kampuni yake ikawa inajenga ofisi na nyumba za maofisa, nyingine kwa malipo na nyingine kwa kuzikodisha kwa serikali yenyewe. Tafakari hilo kidogo! Mkoloni mwenye bendera na bunduki akawa mpangaji, na mwenye nyumba akawa Mhindi asiyekuwa na elimu ya darasani. Aidha, Jeevanjee alijenga soko la mji na kununua viwanja vingi vya Nairobi changa. Kwa muda fulani ilikuwa vigumu kwenda mahali mjini bila kupita penye mkono wake.

Mkono huo haukuishia kwenye mawe na saruji. Mnamo mwaka wa 1902 alianzisha gazeti mjini Mombasa lililoitwa African Standard, akamwajiri Mwingereza awe mhariri. Mwaka wa 1905 aliliuza kwa Waingereza. Gazeti hilo lilibadilishwa jina, likahamia Nairobi, na ndilo mzazi wa The Standard tunalosoma katika maktaba yetu. Kwa hivyo, kila asubuhi mwalimu anapofungua gazeti hilo, anafungua kitu ambacho mbegu yake ilipandwa na mtu wa mjengo.

Kisha ukaja mwaka wa 1906. Jeevanjee alichukua kiwanja cha ekari tano hivi katikati ya mji, akapanda miti na maua, akakitoa kiwe bustani ya watu wote wa Nairobi. Aliweka humo sanamu ya Malkia Viktoria, na mtoto wa Malkia huyo, Mtawala wa Connaught, ndiye aliyekuja kuifunua. Huenda wengine wakasema kwamba alitaka kujipendekeza kwa wakubwa. Huenda ni kweli, kwani mwanakandarasi anayetegemea serikali hawezi kukosa kuitabasamia. Lakini angeweza kuwapa sanamu na kubaki na kiwanja. Hakufanya hivyo. Alitoa vyote.

Mambo yalianza kumwendea mrama pale alipotambua kwamba mji aliojenga haukuwa tayari kumkubali. Walowezi wa Kizungu walikuwa wakiongezeka, na walitaka nchi iwe yao. Mwaka wa 1902, tauni ilipoingia Nairobi, soko la Wahindi liliteketezwa kwa moto kwa amri ya daktari wa serikali. Mwaka wa 1908 serikali ya Uingereza ilithibitisha kwamba mashamba ya nyanda za juu hayatagawiwa Wahindi. Yaani mtu angeweza kulaza reli hadi Limuru, lakini asiruhusiwe kulima hata kishamba cha viazi hapo Limuru. Huo ulikuwa ubaguzi mtupu.

Jeevanjee hakunyamaza. Kufikia mwaka wa 1910 alikuwa ameteuliwa katika Baraza la Kutunga Sheria, akiwa mtu wa kwanza asiye Mzungu kuketi humo. Alijikuta peke yake kati ya Wazungu watupu, katika lugha ambayo hakuisoma shuleni. Mwaka huo huo wa 1910 alifunga safari hadi London, akazungumza na waandishi wa magazeti ili Waingereza wajue jinsi Wahindi walivyokuwa wakionewa. Mnamo mwaka wa 1914 alikuwa mmoja wa waasisi wa East African Indian National Congress, chama kilichopigania haki za Wahindi. Na mwaka wa 1923, akiwa mzee wa miaka karibu 67, alirudi London katika ujumbe wa kutetea haki hizo tena.

Hata hivyo, ukweli usemwe ingawa ni mchungu. Alipokuwa London mwaka wa 1910, Jeevanjee alipendekeza kwamba nchi hii iunganishwe na himaya ya India. Katika pendekezo hilo Mwafrika, mwenye ardhi, hakuulizwa. Wazungu na Wahindi walikuwa wakivutana juu ya shamba la mtu wa tatu aliyesimama pembeni. Mwaka wa 1923 Uingereza ilitoa Waraka wa Devonshire uliosema kwamba maslahi ya Waafrika ndiyo yaje mbele, lakini nyanda za juu zikabaki mikononi mwa walowezi vile vile. Fahali wawili wakipigana ziumiazo ni nyika, na nyika ile ilikuwa sisi. Mtu anaweza kuonewa na bado akasahau kwamba kuna mwingine anayeonewa zaidi yake. Somo hili si la Jeevanjee pekee. Ni letu sote.

Kampuni nayo ilikuwaje? Kumbukeni yale niliyosema juu ya kandarasi. Kampuni iliyopanda kwa mkono wa serikali haina budi kuuangalia mkono huo kila siku. Mteja wako mkubwa akiwa mmoja, akikugeuzia kisogo umekwisha. Jeevanjee alikuwa ameanza kumkosoa mteja wake hadharani, mbele ya magazeti ya London. Kampuni haikuanguka kwa siku moja, lakini miaka ilivyosonga zile siku za neema hazikurudi, na sehemu kubwa ya mali yake iliponyoka mikononi. Wengine watasema alikosa akili ya biashara, kwamba angenyamaza angekufa tajiri. Pengine. Lakini mimi nikiwaza naona kwamba yeye mwenyewe, mtu wa hesabu za kichwani, hakukosa kupiga hesabu hiyo. Alijua bei yake, na akailipa.

Alibhai Mulla Jeevanjee alifariki dunia mjini Nairobi mwaka wa 1936, akiwa amekula chumvi ya miaka 80 hivi. Mji alioukuta bila hata nyumba ya mawe sasa ulikuwa na barabara za lami, benki na mahoteli. Hakuacha utajiri wa kutajika kama ule wa miaka ya reli.

Hebu tuhesabu sasa kilichobaki. Nyumba alizokodisha kwa serikali zimebomolewa na mahali pake pamesimama maghorofa ya watu wengine. Gazeti aliliuza. Meli ziliondoka baharini. Viwanja vilipita mikono mingi, na hakuna anayekumbuka kwamba viliwahi kuwa vyake. Vile alivyouza vilikwenda na jina la mnunuzi, na vile alivyokodisha vilikwenda na wakati. Kilichobaki na jina lake ni kile alichotoa bure.

Nacho pia kilinusurika chupuchupu. Mwaka wa 1991 kulikuwa na mpango wa kujenga mjengo mkubwa katika bustani ile. Ingekuwa kinaya kilichoje, kivuli cha mtu wa mjengo kimezwe na mjengo! Mjukuu wake, Bi. Zarina Patel, alisimama kidete, akawaamsha wakaaji wa jiji wapinge. Ilikuwa miaka michache tu baada ya Profesa Wangari Maathai kuzuia jumba la ghorofa nyingi kujengwa Uhuru Park mwaka wa 1989. Siku hizo kupinga jambo kama hilo kulihitaji moyo wa chuma. Watu walikataa, na mpango ule ukazimwa. Baadaye Bi. Patel aliandika kitabu kizima juu ya maisha ya babu yake, nasi tusiokuwapo tukapata kujua.

Ninachoona mimi ni kwamba bustani ile iliokolewa kwa sababu ilikuwa na wenyewe wengi. Kiwanja cha mtu mmoja mwenye pesa hununuliwa na mwenye pesa zaidi. Lakini kiwanja cha watu wote, ukikigusa, utasikia kelele za karani, za muhubiri, za mtafuta kazi, na za mzee aliyekuwa akisinzia. Jeevanjee alikuwa na walinzi wengi kuliko tajiri yeyote, na hakuwalipa hata senti.

Wanafunzi wenzangu, kati yetu kuna watakaokuwa wahandisi, wachoraji wa ramani za nyumba, mafundi, na wanakandarasi. Inshallah mtajenga hospitali na shule, na huenda mkapata pesa si haba. Mkiwa huko, msimsahau anayebeba zege begani. Mlipeni kwa wakati, na jina lake liandikwe mahali, kwani wale 2,500 wa reli hawakuandikiwa. Msisahau pia kuuliza ardhi mnayojengea ilikuwa ya nani. Na mkipata ekari tano za ziada katikati ya mji, jaribuni kuacha moja bila ukuta. Panda mwarobaini au mwembe, weka na benchi. Mtu aliyetembea tangu asubuhi akitafuta kazi ataketi hapo, avue viatu kidogo, halafu aendelee.